Mchanga Ndani ya Gunia

Mnunuzi wa pamba anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya gunia lako. Anatafuta nini? Anatafuta mchanga. Anatafuta ubichi wa maji yaliyonyunyizwa usiku ili uzito upande. Usikasirike, ndugu yangu. Anautafuta kwa sababu alishaukuta.

Na wewe unaikodolea macho mizani yake. Unatafuta nini? Kilo zako zilizopunjwa. Nawe ulishaibiwa.

Huyu anamwibia yule, yule anajilipizia kwa huyu, na sote tunauita ujanja. Ujanja gani huu unaotuzeesha na jembe mkononi?

Hebu fikiria nani anaulipia. Mnunuzi hawezi kukagua kila gunia mpaka chini, kwa hiyo akishahofia mchanga anashusha bei ya wote. Mama aliyechambua pamba yake nyeupe, akatoa kila jani na kila punje chafu, analipwa sawasawa na aliyemwaga ndoo ya maji. Msimu unaofuata mama huyo afanyeje? Ama aache pamba, ama naye achote mchanga. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza jambo hili kwa soko la magari yaliyotumika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya kuotea. Mwenye gari zima anaona hailipi, anaondoka. Sokoni yanabaki mabovu. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobeli ya uchumi. Sisi tunaliona gulioni kila msimu, na bado tumelala!

Nenda Njombe ukatazame viazi vya lumbesa. Sheria inakataza. Lakini gunia linajazwa, linaongezewa kichwa, linashonwa kwa kamba juu ya mdomo, na mkulima analipwa kwa gunia moja. Moja! Kisha tunashangaa vijana wakikimbia shamba?

Hata simu tumeichafua. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nani hajapata ujumbe huo wa matapeli? Leo mtoto akikwama kweli safarini, akaazima simu ya mtu kumwomba mama yake nauli, mama anafuta ujumbe. Mwizi hajachukua shilingi yake, lakini mtoto amelala stendi.

Kenneth Arrow, mchumi mwingine wa Nobeli, aliandika mwaka 1972 kwamba sehemu kubwa ya kudumaa kwa uchumi duniani yaweza kuelezwa na watu kutoaminiana. Ndiko tuliko. Hatukopeshani bila dhamana, na dhamana ni hati ya nyumba. Asiye na nyumba je? Anabaki na uaminifu wake, na uaminifu wake hakuna anayeupokea, kwa sababu wajanja walishapita kabla yake.

Nawe unawashangilia. Anayepunja unamwita mjasiriamali. Aliyerudisha chenji iliyozidi unamwita mshamba. Mla cha mwenzie na chake huliwa, na chetu kinaliwa kila siku mchana kweupe.

Unamjua aliyetia mchanga. Ulimwona jioni ile, ukasema gunia si langu. Bei iliyoshuka ilikuwa ya nani? Msimu ujao akileta gunia lile mizanini, mseme palepale, mbele ya karani wa chama cha msingi cha ushirika, kabla halijapimwa.