Anga Letu Husomwa na Nani?

Vijana waendao kusoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu, si wote wajuao kwamba katika eneo hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury.

Makubaliano yake yalifungwa Oktoba 1960 baina ya Uingereza na Marekani. Mwananchi wa Unguja hakuwamo. Watu wakaandamana, wakihofu kwamba visiwa vitageuzwa shabaha ya makombora katika ugomvi wa wakubwa. Wapo waichekao hofu ile hadi leo, kwa hoja kwamba Tunguu hapakuwa na silaha. Ni kweli, hapakuwa nazo. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, kazi ya kituo ilikuwa kupokea ishara za redio za chombo chake na kusema naye dakika chache kila kilipopita. Lakini hofu haikuzaliwa na ujinga. Aliyeshika mitambo alikuwa mgeni, na aliyesoma kilichonaswa ni huyo huyo. Serikali ya Mapinduzi ilipoamuru Aprili 1964 kituo kiondolewe, iliiondoa shaka hiyo. Haja ya kuangalia juu ilibaki.

Leo haja hiyo imezidi. Vitu zaidi ya 30,000 vinavyoizunguka dunia hufuatiliwa kwa rada na darubini za mataifa makubwa. Vingi ni mabaki tu. Vilivyo hai, baadhi hupiga picha za bandari na kambi za watu wasio na habari. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kiasi cha kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Wakala wa Anga wa Kenya ulieleza, kwa uchunguzi wa awali, kuwa ni kipande cha roketi. Lau ingaliangukia jahazi la wavuvi mbele ya Nungwi, dai lingalipelekwa kwa nani? Mkataba wa kimataifa wa 1972 huibebesha dola iliyorusha chombo dhamana ya hasara itokeayo juu ya uso wa dunia, ila sharti mdai aweze kuitaja dola hiyo. Kosmos 954, chombo cha Kisovieti chenye tanuri la nyuklia, kilipoanguka Canada Januari 1978, mwenyewe alijulikana, kwani kilikuwa kikifuatiliwa tangu angani. Canada ikadai, na mwaka 1981 ikakubaliwa kulipwa dola zake milioni 3.

Hatusemi ijengwe rada ya mabilioni. Marekani hutoa hadharani habari za mizunguko ya vyombo vingi, ingawa vyake vya siri huviacha nje ya orodha, jambo ambalo maofisa wetu wasilisahau. Zinazokosekana ni akili zetu wenyewe za kuzisoma: wanahisabati wachache hapo hapo Tunguu, na ofisi moja ya Serikali yenye kupokea taarifa usiku na mchana. Na KMKM, ambao ndio watakaotumwa baharini kitu kikianguka, waingizwe katika mpango huo tangu mwanzo.