Likasi: Jarida la barua pepe na thamani ya orodha ya wasomaji
Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mitandao ya X na TikTok ilizuiwa nchini DRC. Mwandishi wa Likasi anayetegemea mitandao hiyo pekee hubaki bila wasomaji. Mwenye jarida la barua pepe ana nafuu: orodha ya anwani ni yake, akibadili huduma anahama nayo. Hata hivyo, intaneti ikikatwa kabisa, kama baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, barua pepe nayo hukwama.

Orodha hiyo pia ni dhamana. Msomaji aombwe ridhaa kwanza, na aweze kujiondoa. Katika mji wa migodi, majina yakivuja, anayeumia ni mfanyakazi anayesoma habari za mwajiri wake.