Kifyonza Vumbi: cha Waya au cha Betri?

Mwaka 1901 mhandisi wa Kiingereza, Hubert Cecil Booth, alihudhuria jijini London maonyesho ya mashine mpya ya kusafishia. Mashine ile ilipuliza hewa kwa nguvu. Vumbi liliruka juu, kisha likatua palepale lilipotoka. Booth aliuliza kwa nini hewa isivutwe badala ya kupulizwa, akajibiwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Inasimuliwa kwamba baadaye, akiwa mkahawani, alitandika leso juu ya kiti, akaweka mdomo na kuvuta pumzi. Nusura apaliwe, lakini upande wa chini wa leso ulikuwa umegeuka mweusi. Mashine aliyoiunda baada ya jaribio hilo ilikokotwa na farasi na kuendeshwa kwa injini ya petroli. Ilisimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba.

Miaka michache baadaye, katika mji wa Canton, Ohio, nchini Marekani, mfagizi mmoja mwenye ugonjwa wa pumu, James Murray Spangler, aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Alipata hataza yake mwaka 1908, na haki za uvumbuzi huo zikanunuliwa na William Henry Hoover. Hapo ndipo kifyonza vumbi kilipoingia majumbani.

Leo hii ukoo huo wa mashine una kitukuu mwepesi sana, asiye na waya, mwenye betri ya lithi mkononi mwake. Kati ya wapenzi wa mashine za kale, hasa Uingereza na Marekani, ambako wapo wanaozikusanya na kuzitunza kama magari ya zamani, na wale wanaosifu kila kilicho kipya, pana ubishi usiokwisha juu ya ipi iliyo bora. Ubishi huo una faida kwa darasa la fizikia kuliko kwa duka, kwa sababu pande zote mbili hupenda kupima kitu kisichostahili kupimwa.

Tuanze na jina lenyewe. Mashine hii kwa hakika haifyonzi kitu. Feni yake huondoa sehemu ya hewa iliyomo ndani, na kanieneo la hewa ya nje, ambalo usawa wa bahari ni paskali zipatazo 101,000, husukuma hewa na vumbi kuingia kwenye mdomo wa mashine. Kazi inayofanywa kila sekunde hupatikana kwa kuzidisha tofauti ya kanieneo kwa ujazo wa hewa inayopita. Ikiwa tofauti ni paskali 10,000, na hewa inayopita ni lita 20 kwa sekunde, yaani meta za ujazo 0.02, nguvu ya hewa ni wati 200. Kama mashine hiyo inakula wati 1,000 kutoka ukutani, wati 800 zimegeuka joto na kelele.

Hesabu hii ndogo, ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya bila kikokotoo, ilisahauliwa na wenye viwanda kwa miaka mingi. Walishindana kuandika wati kubwa zaidi kwenye boksi, na wanunuzi wakaamini kuwa mlaji mkubwa ndiye mfanyakazi mkubwa. Umoja wa Ulaya ulilazimika kuingilia: kuanzia Septemba 2014 mashine mpya za waya hazikuruhusiwa kuzidi wati 1,600, na kuanzia Septemba 2017 wati 900. Magazeti kadhaa ya Uingereza yalipiga kelele kana kwamba mazulia yatabaki na vumbi milele. Hayakubaki. Mashine bora za betri hutoa zaidi ya wati 150 za hewa kutokana na wati zipatazo 500 za umeme, na uwiano huo ni heshima kubwa kwa wahandisi wake.

Siri ya maendeleo hayo imo ndani ya mota, nayo inafaa kutazamwa kwa makini. Kanieneo linalotengenezwa na feni hutegemea mraba wa mwendo wa ncha zake. Feni yenye kipenyo cha sentimeta 15, ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, ncha yake huenda meta 94 kwa sekunde. Feni ya sentimeta 5 haiwezi kufikia mwendo huohuo mpaka izunguke mara 36,000. Kwa hiyo anayetaka mashine ndogo ni lazima akubali mzunguko wa kasi zaidi. Katika mota ya kale mkondo wa umeme hupita kwenye vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na silinda ya shaba inayozunguka. Kasi ikizidi sana, kaboni huliwa upesi na cheche huongezeka. Mota ya kisasa imeondoa msuguano huo kabisa: transista hugeuza mwelekeo wa mkondo kwa zamu, na sumaku ya neodimi, aina iliyovumbuliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hufuata. Baadhi ya mota hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nazo ni ndogo kiasi cha kukaa kiganjani.

Mapenzi ya mambo ya kale yasifiche kasoro za mashine za zamani. Zilikuwa nzito. Katika nyingi zilizosukumwa wima, vumbi lilipita katikati ya feni kabla ya kufika mfukoni, hata kijiwe kidogo kikaweza kuvunja ubapa wake. Mifuko ya kitambaa ilizuia mchanga na nywele, lakini chembe ndogo mno, ambazo ndizo hasa hufika ndani ya mapafu, zilirudishwa chumbani pamoja na hewa. Spangler na pumu yake angepata nafuu zaidi kwa kichujio cha leo chenye uwezo wa kunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikrometa 0.3. Waya za kale zilizofunikwa mpira hukauka na kupasuka. Kuziwasha leo bila kuzikagua ni kucheza na kifo. Tena hoja kwamba “zamani vitu vilidumu” ina udhaifu wa kimantiki: mashine tunazoziona zingali hai baada ya miaka 60 ni zile zilizonusurika, na zile zilizokufa mapema zilitupwa, hazipo kutoa ushahidi wao.

Licha ya hayo yote, kuna jambo moja ambalo mashine ya kale inaishinda ya leo, nalo si dogo. Ilifunguka. Skrubu nne, bisibisi moja, na fundi wa mtaa yeyote aliyejua mota aliweza kubadili kaboni, beringi au mkanda wa brashi. Kifaa kilichochakaa kilikuwa kile kilichokusudiwa kuchakaa, nacho kiliuzwa peke yake kwa bei ndogo.

Katika mashine ya betri kifaa kilichokusudiwa kuchakaa ni betri yenyewe. Chukua pakiti ya seli 7 za lithi zilizopangwa mfululizo, kila moja ya volti 3.6 na ampea-saa 3.6. Jumla ni volti 25.2, na nishati yake ni wati-saa zipatazo 90. Kwa mwendo wa juu wa wati 500, pakiti hiyo hutosha kwa dakika 11 tu. Dakika 60 zinazotangazwa hupatikana pale mashine inapofanya kazi kwa wati 90, yaani karibu kwa kunong’ona. Baada ya kujazwa na kutumiwa mara mia kadhaa, uwezo wa seli hupungua, na dakika 11 huwa 8, kisha 6. Mashine ya waya haina hesabu hii. Soketi ya ukutani haizeeki kwa namna hiyo.

Tena betri haikuota mtini. Seli nyingi za aina hii zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika eneo la Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili hikihiki. Baadhi yao huchimba kwa sururu na mikono, katika mashimo yasiyo na nguzo. Kama madini yaliyopatikana kwa hatari hiyo yatatumika kwa miaka mitatu kuondoa makombo kwenye zulia na kisha kufungiwa ndani ya plastiki isiyofunguka, mwalimu wa kemia ana haki ya kuwauliza wanafunzi wake nani anayelipa tofauti ya bei.

Yumkini mtu atasema kwamba kasoro hiyo ni ya biashara, si ya sayansi, na kwamba seli zisizo na kobalti tayari zipo. Ni kweli zipo. Lakini uamuzi wa kuziba pakiti kwa gundi hufanywa mezani pa mhandisi, kwa kalamu ileile inayochora feni. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2023 inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya namna hii ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Wanaodai kwamba haiwezekani wanarudia jibu alilopewa Booth mwaka 1901.

Jaribio lifuatalo lafaa kufanywa na mwalimu katika maabara yenye ulinzi wa moto, wala si na wanafunzi peke yao. Pakiti ya kifyonza vumbi iliyotangazwa kuwa imekufa hufunguliwa, na kila seli hupimwa kwa voltmita. Si ajabu kukuta sita zinasoma volti 3.6 au karibu yake, na moja tu iko chini ya 2. Bamba dogo la elektroniki, lililowekwa kwa sababu njema ya kuzuia moto, limeona tofauti hiyo na kuikata pakiti nzima. Na katika baadhi ya miundo likishakata halikubali kuwashwa tena, hata seli mbovu ikibadilishwa. Seli sita nzima hupelekwa jalalani pamoja na ile moja.