Maumivu Ayafichayo Mume

Bibi uonaye mumeo akikimbia kitanda, usiharakishe kudhani umechukiwa. Wako wanaume ambao kila watokwapo na manii huhisi uchungu utupuni, kinenani au kiunoni, ukadumu dakika chache au hata siku nzima. Huenda tezi dume imevimba, njia ya mkojo ina maambukizo kama kisonono, au ni athari ya baadhi ya dawa za sonona. Kwa kuona haya, mume hunyamaza. Mke hubaki na dhana, na mapenzi yakapoa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Basi muulize kwa upole, mwende pamoja kwa daktari. Yakiwa ni maambukizo ya kupokezana, tibiweni nyote wawili, ama sivyo yatarudi. Wallahu aalam.