Utabiri wa mvua uishie mpakani, si shambani tu

KAMPALA. Kabla ya kila msimu wa mvua, taasisi ya taifa ya hali ya hewa ya Uganda, iliyo chini ya Wizara ya Maji na Mazingira, hutoa utabiri wa miezi inayofuata kwa kila kanda ya nchi. Maofisa wa kilimo huutumia kuwashauri wakulima wapande lini na mbegu gani. Wa maji huutumia kujiandaa kwa ukame au mafuriko. Anayesahaulika ni mfanyabiashara anayenunua mahindi Kisenyi na kuyapeleka Busia, au anayepakia bidhaa Kampala kwenda Mutukula na Katuna. Hata hivyo, mvua ikikosewa, hasara yake mara nyingi humwangukia yeye.

Mfano ulio wazi ni sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Zuio lilidumu siku chache tu, kisha likaja sharti la kila shehena kuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama, na gharama za kusubiri zikawa za mwenye mzigo.

Ukungu unaozalisha sumu hiyo hustawi penye joto na unyevu. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na kwa mkulima anayeanika kwa jua, kiwango hicho hutegemea mvua inakatika lini. Mvua ya msimu wa pili ikiendelea hadi wakati wa mavuno, mahindi huvunwa mabichi na huanikwa chini ya mawingu. Utabiri wa namna hiyo ukitolewa mapema, mnunuzi ana nafasi ya kutafuta mashine ya kukaushia, kukodi kipima unyevu, au kuhamishia ununuzi wake wilaya nyingine. Akisubiri hadi aambiwe mpakani, hana la kuchagua.

Barabara nazo ni hivyo hivyo. Mei 2023 Mto Katonga ulifurika na kukata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, njia inayobeba shehena za Rwanda, Tanzania na hata mashariki ya Kongo. Magari yalilazimika kuzunguka kupitia Mpigi, Gomba na Sembabule. Kwa mwenye nyanya au samaki, mzunguko huo ulimaanisha mafuta zaidi, saa zaidi na mzigo ulioharibika. Utabiri wa msimu hauwezi kutaja siku ambayo daraja litakatika. Unaweza, hata hivyo, kumwambia mwenye mali ya kuoza kwamba msimu huu asitie mtaji wake wote kwenye njia moja inayopita bondeni.

Ziwa Victoria hutoa onyo la muda mrefu zaidi. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, hivyo kina hupanda polepole, kwa wiki na miezi. Kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020 kilipanda kwa zaidi ya mita moja, kikafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Mialo, maghala na nyumba za pwani ya ziwa zilizama katika nchi zote tatu. Namba za kipimo hicho zilikuwa zikiandikwa wakati wote maji yalipokuwa yakipanda. Aliyekuwa na ghala mwaloni alikuwa na miezi ya kuhamisha mali, kama angezipata.

Tatizo si ukosefu wa kumbukumbu. Kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa tangu mwaka 1896. Baada ya mvua kubwa za 1961 hadi 1964, nchi za bonde la Nile zilianza mwaka 1967 mradi wa pamoja wa kupima mvua na mito ya eneo la maziwa. Wakati huo huduma ya hali ya hewa ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na ofisi yake na taarifa zake.

Leo kituo cha kikanda cha ICPAC, Kenya, huwakutanisha wataalamu wa nchi 11 kabla ya misimu ya mvua ili watoe utabiri wa pamoja. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haimo katika hizo 11. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Mpondwe anaweza kujua mvua ya Kasese, lakini ya ng'ambo, mzigo wake unakokwenda, haimo katika ramani hiyo.

Hata utabiri uliopo unahitaji kusomwa vizuri. Wataalamu hugawa mvua katika mafungu matatu: juu ya wastani, karibu na wastani na chini ya wastani. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu hupewa theluthi. Ukisikia kwamba kuna uwezekano wa asilimia 50 wa mvua juu ya wastani, si kwamba mvua itaongezeka kwa nusu. Maana yake ni kwamba fungu hilo limepata uzito kuliko mengine, na bado nusu nyingine iko wazi. Utabiri ni tahadhari, si ahadi. Anayeutumia hupunguza kiasi cha mtaji anachokiweka hatarini, lakini hauzi kila kitu kwa sababu yake.

Serikali hazihitaji fedha nyingi kuziba pengo hili. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Utabiri wa msimu ungeweza kubandikwa kwa Kiswahili chepesi Busia, Malaba, Mutukula, Katuna na Mpondwe, ukiwa na mambo manne: mvua inatarajiwa kuanza na kukatika lini, wilaya zipi zitavuna kwenye unyevu, barabara zipi ziko hatarini, na kina cha ziwa kimefika wapi. Vyama vya wafanyabiashara vina haki ya kulidai hilo, kwa sababu namba hizo hukusanywa kwa kodi yao. Mfanyabiashara huuliza bei ya shilingi ya Kenya kabla ya kupakia lori. Bei ya mvua nayo ingepaswa kuandikwa kwenye ubao huo huo.