Sinema za Nyumbani na Lugha Yetu

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, mataifa mengi yaliwafungia raia wao ndani. Hapa kwetu shule zilifungwa tangu tarehe 17 Machi, na wanafunzi walio wengi hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Jirani zetu wa Kenya waliwekewa amri ya kutotoka usiku tangu tarehe 27 Machi, wala amri hiyo haikuondolewa mpaka Oktoba ya mwaka 2021. Watu walikaa nyumbani, na wale waliokuwa na intaneti wakatazama sinema. Kampuni ya Netflix peke yake ilipata wateja wapya zaidi ya milioni 15 katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka ule. Maradhi yamepoa, lakini desturi imebaki. Shule zikifungwa, au mvua ikizuia watu kutoka, jamaa nzima hukusanyika mbele ya kioo.

Wapo wazee wenzetu wanaosema kwamba sinema hizi zawaharibu vijana, na kwamba yafaa zipigwe marufuku. Sisi hatukubaliani nao. Wengi wanaosema hivyo huzitazama wenyewe watoto wakiisha kulala. Nasi hatujifanyi watakatifu, maana tumepata kusikia kengele ya kanisa ya asubuhi tungali macho, tukingoja kujua kama wale wezi wa Kihispania wa La Casa de Papel watatoka salama ndani ya benki. Tena sinema ya kuchaguliwa na wakubwa tumekwisha kuionja. Tangu mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wakoloni walitengeneza filamu 35 za kumfunza Mwafrika juu ya safura, kilimo na kuweka akiba posta. Hatudhani kwamba yuko mtu anayezililia.

Linalotukera sisi ni lugha.

Katika nyumba moja tuijuayo sana, bibi mmoja alikuja mjini kutibiwa mguu mwaka ule, akakaa miezi mitatu. Kila jioni aliketi na wajukuu zake kutazama sinema, na kila mara aliuliza, "Anasema nini huyo?" Mjukuu wa darasa la sita akamjibu, "Amekasirika, bibi." Mtu mwenyewe kwenye kioo alikuwa amenena dakika mbili mfululizo. Baada ya juma moja bibi aliacha kuuliza, akawa anasinzia kitini mpaka wakati wa kula. Tulipomhoji yule mtoto kando, tuligundua kwamba naye hakuelewa hata nusu ya maneno; alikuwa akikisia kwa kutazama nyuso. Basi katika chumba kile walikuwamo watu sita, na walioifuata hadithi sawasawa hawakuzidi wawili. Yule bibi, ambaye katika nyumba yake ndiye msimulizi wa hadithi, aligeuzwa mgeni asiye na la kusema mbele ya wajukuu zake. Hilo latuuma kuliko mabusu yote yanayolalamikiwa na wazee wenzetu.

Wananchi wa kawaida walikwisha kuliona jambo hili zamani, wakalitafutia dawa bila kungoja kamati. Katika mabanda ya video hapa nchini Lufufu alizitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, na Wakenya wanaye DJ Afro. Watu wakalipa kiingilio ili kumsikia mkalimani kama walivyolipa kumwona mchezaji. Ni kweli kwamba biashara ile mara nyingi ilifanyika bila idhini ya wenye filamu, na hilo hatulitetei. Lakini ilionyesha wazi kwamba watu wanazitaka hadithi za ulimwengu, na wanazitaka kwa Kiswahili.

Wachina walilifahamu somo hilo mapema kuliko sisi wenyewe. Mwaka 2011 tamthilia yao juu ya Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa katika televisheni ya taifa ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, akaitaja. Mama wa mtaani ambaye hajafika hata Nairobi alizijadili shida za mkwe wa Kichina kana kwamba ni za jirani yake. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili zimefanya vivyo hivyo.

Tena watazamwe Wakorea. Februari 2020 filamu yao ya Parasite ilitwaa tuzo kuu ya Oscar, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo bila kutumia Kiingereza. Na mwaka uliofuata Squid Game ikatazamwa dunia nzima. Hayakutokea kwa bahati. Tangu mwaka 1966 sheria yao iliyalazimisha majumba ya sinema kuonyesha filamu za nyumbani, nao hawakuona haya kunena lugha yao.

Watu watatuuliza habari ya gharama. Kutia sauti kwahitaji wafasiri, waigizaji na studio, na vyote hivyo ni fedha, hatukatai. Lakini maandishi yaliyo chini ya kioo hayamfai bibi asiyeona vizuri, wala mtoto wa miaka mitano asiyejua kusoma. Ndiyo maana twaonelea kazi ianze na filamu za watoto. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, lingeweza kuwapima wafasiri, na Bodi ya Filamu ikazungumza na kampuni za nje zinazokusanya fedha kwetu kila mwezi. Vijana waliohitimu Kiswahili vyuoni na wasio na kazi ni wengi. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi changa mikononi, alipata nafasi ya kumfasiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakungoja Mwingereza aje kumfanyia.

Chama chetu hujivunia, tena kwa haki, kwamba ndicho kilichokipa Kiswahili heshima ya kutawalia nchi. Lakini tangu Unesco ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, mwaka 2021, tumesikia hotuba nyingi za sifa, na fedha za kutia sauti katika filamu hatujaziona. Mkutano wa bajeti ukikaa Dodoma, twawaomba ndugu wabunge wa Chama wamwulize waziri anayehusika swali moja tu: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa kazi hiyo? Jibu lake tutalichapa katika ukurasa huu huu, hata kama ni sifuri.