Nani Kautunga?

Wimbo wa kuachwa ukishika Kampala, hauchukui siku nyingi kufika hapa Kyebando. Utausikia kwenye vibanda vya rolex, saluni, na kwa vijana wa boda boda wanaosubiri abiria karibu na Northern Bypass. Na swali huwa lile lile: nani kamwacha? Mwimbaji akiitwa redioni, hilo ndilo la kwanza kuulizwa. Watu wanataka jina la aliyeumiza. La aliyetunga halimshughulishi mtu.

Toleo hili linapinga mazoea hayo. Wimbo wa maumivu ni kazi. Kuna mtu aliyeusumbukia ubeti, akajirekodi kwenye simu sauti isije ikampotea, akaupeleka studio. Prodyuza naye akapunguza ngoma ili maneno yasikike, akamrudisha mwimbaji kwenye maiki tena na tena kwa sababu ya neno moja ambalo halijalia vya kutosha. Mara nyingi mtunzi na mwimbaji ni watu wawili. Mwimbaji Azawi aliwaandikia wenzake nyimbo kabla Kampala haijamjua. Albamu yake fupi, Lo Fit, ilitoka mwaka 2020. Mowzey Radio, aliyetutoka Februari 2018, naye aliwatungia wengi.

Tukitaka kuona mazoea haya ya kumtafuta aliyeumiza yanatufikisha wapi, tuutazame wimbo wa Malaika, kilio cha kijana aliyekosa mali ya kuolea. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaufikisha mbali, na mwaka 1981 Boney M nao wakautoa. Kufikia hapo ugomvi wa mtunzi ulikuwa umeota mizizi. Adam Salim alidai aliutunga mwaka 1945. Lucas Tututu wa Mombasa naye akatajwa. Ukisoma masimulizi ya kesi hii isiyokwisha, kinachosikitisha ni aina ya ushahidi: hadithi ya msichana aliyependwa akaolewa na mwingine. Aliyeachwa ndiye mtunzi! Lakini walioachwa ni wengi mno katika dunia hii, na karibu wote hawajatunga hata ubeti. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haujaisha hadi leo.

Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, inayomlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ila sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kijana anayepokea noti chache mkononi, bila karatasi, kisha akausikia wimbo wake kila kona, hana pa kuanzia. Hili linanikera kuliko wizi wa kanda wa zamani, maana mwizi wa kanda alikuwa mgeni; huyu anayeuchukua wimbo bila kuandika jina la mtunzi ni rafiki.

Kwa hiyo, watangazaji wetu, mkiupiga wimbo kesho, mtajeni mtunzi kwanza. Nanyi watunzi, msitoke studio kabla karatasi haijasainiwa.